Kishikwambi cha Watu wa Hadhi

Jumamosi, Mpanda

Eti mimi sijui vishikwambi! Muuzaji wa dukani, ndevu kachonga, ananiambia, "Mama, Android ni ya kawaida. Chukua hiki, mfumo wake ni wa watu wa hadhi." Hadhi! Mimi nimezaa daktari mtarajiwa, yeye kazaa nini?

Kishikwambi ni cha binti yangu Neema. Wenzake chuoni wanarushiana notsi kwa Bluetooth, wote Android. Mwanangu akizikosa atafeli, hofu yangu ndiyo hiyo. Nikamwambia, "Simu yangu Android. Virushie vishikwambi vyote viwili, hicho na cha Android, picha ya binti yangu kwa Bluetooth."

Cha hadhi kikagoma. Muuzaji akabonyezabonyeza, eti mifumo haielewani. Cha Android kikapokea palepale: Neema na koti lake jeupe, kajaa kioo kizima.

"Mzuri, mama."

"Sura kachukua kwangu. Nifungie hicho cha Android. Cha hadhi kaa nacho."