Zamu ya Treni

Saint-Josse, Brussels
Alhamisi, mchana

Dada yangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Barua yako uliyompa yule mama aliyetoka Bujumbura imenifikia. Niliisoma nimesimama mlangoni, koti bado mwilini, maana redio ya huku inatutia hofu kila siku kwa habari za kwetu na nilitaka kwanza nione kama mwandiko wako umetulia. Umetulia, alhamdulillahi. Mama kifua chake kimepungua? Na wewe na mke mwenzio Habiba, bado mnagombania kamba ya kuanikia nguo? Mimi mwili ni mzima. Baridi inaingia hadi kwenye meno, lakini nimeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mkorofi.

Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Dada, nina wivu. Nakuandikia wewe na si Mama kwa sababu wewe umekaa na mke mwenza miaka yote hii na unajua unavyouma. Ukitaka kucheka cheka, lakini ucheke ukishamaliza kusoma.

Unaikumbuka ile kanga ya maua mekundu uliyonifunga kiunoni siku naondoka kumfuata Saidi? Siku moja niliitafuta kabatini nikaikosa. Kesho yake ipo, imekunjwa vizuri, lakini mbichi. Baada ya siku chache ikatoweka tena, ikarudi tena mbichi, na safari hii inanuka chuma na moshi. Mume wangu anasafisha maofisi tangu alfajiri hadi mchana, na jioni alikuwa akitoka akiniambia anakwenda kuzungumza na wenzake. Sasa niambie, mwanamume anatoka na kanga ya mkewe anairudisha imelowa, wewe ungefikiria nini? Na mimi nilifikiria hivyo hivyo. Nilimwona kabisa huyo mwanamke, ametoka kuoga, kajifunga kanga yangu kifuani. Nilimpa hadi jina, Joséphine.

Jioni moja ya mvua nikamfuata. Wakati huu wa baridi giza linaingia mapema, watu hawajatoka hata kazini taa za barabarani zimeshawaka. Saidi alipita mtaa wa maduka ya Waturuki, akaingia stesheni ya Gare du Nord, akapanda ngazi hadi treni zinaposimama, akatembea mpaka mwisho kabisa, kule ambako hakuna paa wala abiria. Nikajibanza nyuma ya nguzo. Akatoa kamera mfukoni, akaisimamisha juu ya miguu mitatu ya chuma, akaivika kanga yangu. Aliivika polepole, anaipapasa huku na huku asije akaacha sehemu wazi. Halafu akafungua mwavuli akaushika juu ya kamera, yeye mwenyewe mvua inamnyeshea kichwani.

Mimi Saidi hajawahi kunishikia mwavuli. Tukienda sokoni yeye yuko mbele, mimi nyuma na mifuko.

Treni wewe hujawahi kuiona, na mimi nilikuwa sijaiona, kwetu haipo. Ni kama nyumba nyingi zimefungwa mkia kwa mkia, taa zinawaka madirishani, na zote zinakwenda. Moja ikaingia, na Saidi akatabasamu. Lile tabasamu nalijua, dada. Alikuwa nalo siku alipokuja kwetu mara ya kwanza na kunywa chai ya Mama hali ananiangalia mimi. Tangu nifike huku nilikuwa sijaliona. Angekuwa Joséphine ningemkamata nywele, lakini treni utaikamata wapi?

Niliposogea aliruka.

"Zuhura! Weye unafanya nini huku na hii mvua?"

"Nimekuja kumuona."

"Kumuona nani?"

"Huyo unayemuvalisha kanga yangu."

"Bon, ni appareil tu hii ya picha. Ikilowa imekufa."

"Na mimi nikilowa?"

Akaangalia saa, treni nyingine ilikuwa njiani.

Tulipofika nyumbani alinitolea sanduku kutoka chini ya kitanda. Ndani yake ni picha, treni tupu. Treni na mvua, treni na theluji, treni imesimama peke yake na mvuke unatoka chini. Akanieleza kwa macho yanayong'aa: "Mchana ni chuma tu, Zuhura. Lakini usiku, mvua ikinyesha, taa zinashuka chini kwenye maji, donc treni inakuwa na ingine chini yake. Unaona?" Niliona. Zilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilizipekua zote hadi chini nikitafuta picha yangu hata moja.

Basi nikaipeleka kesi kwa tonton Hamadi, mzee wa kwetu Buyenzi mwenye duka la unga wa muhogo hapa Saint-Josse. Ndiye anayetuamulia mambo. Nilimwambia sitaki Saidi aache treni, nataka haki. Mwanamume mwenye wake wawili anagawa siku, na mimi nataka zamu zangu zijulikane.

Tonton alicheka mpaka akafuta macho. "Saidi, we unasema nini?"

"Tonton, haya ni maneno gani? Treni si mwanamuke!"

"Ingekuwa mwanamuke ingekuwa rahisi. Ningemuita hapa tukaongea. Sasa treni nitaiita namna gani?" Akaacha kucheka. "Bon. Mardi na samedi, Jumanne na Jumamosi, ni ya treni. Siku zingine unakaa kwako, na Zuhura asikusumbue siku za mwenzake."

Kila mtu akakubali, na mimi nikarudi nyumbani nimeshinda. Dada, kwa nini hukuniambia? Zamu inakuletea mwili tu. Siku zangu alikaa, alikula, alisifu mboga. Lakini mvua ikigonga kioo mguu wake unaanza kutikisika, na masikio yameshatoka nje. Nilikuwa nampikia mtu ambaye hayupo.

Alhamisi iliyopita, siku yangu, theluji ikaanguka tangu adhuhuri. Saidi alisimama dirishani, akakaa, akasimama tena. Mwishowe akaniomba ruhusa kama mtoto. Nikamwambia: "Twende wote. Na leo utanipiga picha mimi." Kanga niliivaa mwenyewe juu ya koti, kamera nikaipa mfuko wa plastiki.

Alinisimamisha kule kule mwisho wa stesheni. Taa ya kumulika hatumii, anasema itageuza kila chembe ya theluji kuwa doa jeupe. Jicho la kamera linaachwa wazi muda mrefu, na mtu akitikisika anatoka moshi mtupu. "Usipumue," akaniambia. Nilisimama, theluji inaniingia shingoni. Nyuma yangu nikasikia treni inakuja. Nikamkodolea macho Saidi nione ataigeuza kamera. Hakuigeuza, wallahi. Mikono yake ilitulia, na treni ikapita nyuma yangu yote mpaka mwisho. Nilirudi nyumbani nikiwa bibi harusi.

Picha ilipotoka dukani, mimi ndiye niliyetoka mtu. Hata maua ya kanga unayaona. Treni ile imetoka nyuzi za taa tu. Nililia kwa furaha, na Saidi akaibandika ukutani juu ya kitanda. Nikasema moyoni, yamekwisha.

Leo alfajiri nimemkuta amesimama mbele ya ile picha, anafunga vifungo vya koti aende kazini, na lile tabasamu liko usoni. Sikuweza kujizuia.

"Unamuangalia nani?"

Hata hakugeuka. "Ninyi wawili," akasema.

Akanibusu kipajini akaenda zake. Nimekaa tangu alfajiri sijapika.

Msalimie sana Mama, mwambie dawa ya kifua nitampa mtu wa kuileta. Msalimie kaka Issa fundi cherehani, shangazi anayeuza samaki wa ndagala sokoni, na mtoto wako aliyeanza shule, namtakia akili. Hata Habiba msalimie. Ninamwelewa zaidi siku hizi, yeye na wewe pia.

Ndani ya bahasha utanikuta mimi. Usishangae kuona kingo zimepindapinda, nimejikata mwenyewe kwenye ile picha kwa mkasi wa jikoni, kuanzia kilemba mpaka viatu. Treni nimemwachia ukutani na tundu lenye umbo langu katikati. Filamu ya kamera bado anayo kwenye sanduku lake, na akitaka atapeleka itolewe picha nyingine. Nasubiri nione kama atataka.

Mdogo wako,
Zuhura