Ng'onda Hapandi Ghorofani

Jumapili, 12 Januari

Meli nyingine imeingia. Asubuhi nimewatembeza wageni bandarini Matrah, kisha soko la samaki, kisha halwa na kahawa. Maelezo yale yale, vichekesho vile vile. Goti la kushoto linauma.

Leo nimeongeza kituo. Nimewapeleka wageni Hamriya, mkahawani kwa Shafiq, kula Kibengali. Nilimwambia tangu wiki iliyopita: naleta wageni, wape chakula cha kwenu. Akaitikia kwa kichwa. Tulipofika akatupandisha ghorofani, chumba cha familia, akavuta pazia. Kikaja nini? Biriani ya kuku iliyotiwa rangi ya manjano. Chipsi. Vipakiti vya tomato sosi vimepangwa vizuri kwenye kisahani.

Chini, mafundi na wafagiaji walikuwa wanakula wali na viazi vya kuponda vyenye mafuta ya haradali, na ng'onda, samaki mkavu, aliyepondwa kwa vitunguu na pilipili. Harufu ilipanda ngazi mpaka juu. Chakula chenyewe hakikupanda.

Wageni wamefurahi. Bwana mmoja kasema ni sawasawa kabisa na mkahawa wa Kihindi wa mtaani kwao. Nilicheka naye. Moyoni nilikuwa nawaka.

Jumatatu, 13 Januari

Nimerudi Hamriya kugombana.

Shafiq anatoka Chittagong. Yupo Maskati miaka mingi, ana mke na mabinti huko kwao. Kiarabu chake ni kile cha sokoni na changu kwake huwa hicho hicho. Watu wote humwita "rafiki", kama wanavyowaita Wabengali wote wa mji huu. Mimi namwita kwa jina lake, na leo nililiita kwa ukali.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema wageni ni biriani. Ng'onda ni chakula chetu sisi, kinanuka, hapewi mtu wa heshima. Akafuta meza iliyokuwa safi. Halafu akaniuliza: mama yako, akija mgeni, atamtilia papa mkavu?

Hapana, hatamtilia. Kwetu mgeni akibisha hodi, muhogo na papa vinarudi jikoni na pilau inatoka mbele. Tangu Unguja, na huku tukaja nayo. Nimeondoka nimenuna. Sipendi kushindwa na mtu aliyeshika kitambaa cha meza.

Ijumaa, 17 Januari

Chakula cha mchana kwa Nassor, Al Khoudh. Nassor ni mtoto wa ami yangu, mdogo kwangu, na kampuni ya matembezi ni yake. Kwa hiyo mezani yeye ni mdogo wangu na kazini ni bosi. Leo alikuwa vyote kwa pamoja.

Amesikia habari ya Hamriya. Dereva wa basi letu kamwambia. Akaisimulia mbele ya watu wote kama kichekesho: da Raya anawatoa wazungu melini kuwalisha chakula cha marafiki. Mkewe Asya akasema mahali penyewe wanaume watupu. Nikamwambia nimekaa wizarani na wanaume watupu mpaka nikastaafu, hakuna aliyenila.

Kisha akaja kwenye lake. Tarehe thelathini anakuja bibi mmoja wa kampuni ya safari ya Ulaya, Ingrid. Atatembea nasi siku moja. Akipenda, matembezi ya chakula yanaingia kwenye safari zao msimu ujao, msimu mzima. Matembezi hayo nimeyabuni mimi, kila kituo. Nassor anataka mwisho wake uwe bufee ya hoteli upande wa Bustan. Akasema, na tabasamu lake lile: "Ukimpeleka Hamriya, da Raya, niachie funguo za gari la kampuni."

Watu wakacheka. Mimi nikala kachumbari.

Nassor huyo huyo hula papa kila Jumamosi mpaka anaramba vidole. Wenzake wa kazini hawajui.

Jumapili, 19 Januari

Meli. Hoteli. Bufee. Wageni wamepiga picha tikiti maji lililochongwa ua. Nimechoka na tikiti maji.

Jumatano, 22 Januari

Sitampeleka Ingrid hotelini. Nimekata shauri nikiwa napiga pasi, na pasi imenisaidia.

Nikaenda kwa Shafiq na masharti yangu. Tutakaa chini, na watu. Hakuna biriani, hakuna chipsi. Tuanze kwa karela, mboga yao chungu, kwa sababu kwao uchungu hutangulia, kisha dengu, viponda, samaki, na tamu mwisho. Ng'onda awepo mezani.

Shafiq akakataa. Nilidhani ni aibu yake ile ile. Kumbe safari hii alikuwa na hoja. Watu wake wanakuja na nguo za kazi, wana saruji kwenye nywele, wanakula kwa mkono na haraka. Wageni wako watatoa simu, akasema. Watawapiga picha kama ngamia. Watu wangu hawatarudi.

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Mimi nafikiria wageni wangu wanaona nini, sifikirii wanaoonwa. Nikamwambia hakuna picha, ni ahadi yangu. Akasema ahadi ya mtu juu ya simu ya mtu mwingine ni ahadi gani. Nikasema simu zitakaa mkobani mwangu. Akafikiri. Akasema nikae chini mimi kwanza, peke yangu, aone.

Nikakaa. Bado ulikuwa wakati wa chakula cha mchana. Mtu mmoja alichungulia mlangoni, akaniona, akageuka. Hilo liliniuma. Wengine walikula wamejiinamia. Nikaanza kwa karela, nyembamba, imekaangwa mpaka inavunjika. Uchungu wake unaosha mdomo. Dengu ilikuja imeungwa kwa mbegu zao tano: uwatu, habasoda, shamari, uzile na haradali. Zote tunazo kabatini, wala hatujawahi kuzikutanisha. Viponda vya viazi na biringani vilinipanda puani mpaka machozi. Ng'onda nikammaliza.

Halafu samaki wao, ilish, kwenye mchuzi wa haradali. Miiba kama nywele. Huwezi kumla huku unaongea, wala huku unatazama simu. Unamla ukiwa naye tu. Nilipoinua kichwa hakuna aliyekuwa ananitazama tena. Walikuwa wana miiba yao.

Shafiq akasema: mara moja tu. Tuone.

Jumatatu, 27 Januari

Nassor kapiga simu. Anathibitisha Bustan. Nikamwambia nimesikia. Kweli nimesikia.

Naogopa. Niandike, kwani nani atasoma. Pensheni yangu inatosha kuishi, haitoshi kuwa mtu. Kazi hii ndiyo inayonifanya nivae viatu asubuhi. Bila hiyo nitakuwa mwanamke wa Khuwair ya Kusini anayekaa na mamake kusubiri watoto wa watu wapite kusalimia.

Nitaenda Hamriya vile vile.

Alhamisi, 30 Januari

Imekuwa. Niandike kabla hasira haijapoa.

Ingrid ni mrefu, kimya, anauliza machache na anasikiliza jibu. Tulipotoka Matrah nikamweleza garini waziwazi kwa Kiingereza: mwenye kampuni anataka twende hotelini, mimi nakupeleka Hamriya, na matokeo ni juu yangu. Nikamwomba simu yake. Akacheka, akanipa. Yangu nayo ilikuwa inalia. Nikaizima.

Shafiq alikuwa amenyoa ndevu na amevaa shati la Idi. Meza ilikuwa ya chini, karibu na beseni la kunawia. Kila kitu sawa. Ila kwenye meza ya pembeni kulikuwa na sinia limefunikwa. Nikalifunua. Biriani ya manjano. Alikuwa ameiweka tayari, kwa hofu tu. Nikamtazama. Akaichukua akairudisha jikoni mwenyewe.

Karela: Ingrid akakunja uso, akaendelea. Dengu akaimaliza. Kiponda cha viazi akaomba tena. Ng'onda akaonja, akaweka chini, akanywa maji, hakugusa tena. Shafiq aliona. Aliingia jikoni akakaa huko muda.

Ilish alimshinda. Alikuwa anachokoa kama mtu anayetafuta hereni. Fundi mmoja wa meza ya pili, saruji mpaka kwenye nyusi, alimvumilia mpaka akashindwa. Alinyoosha mkono wake hewani akamwonyesha: mbonyeze samaki kwenye wali, taratibu, kidole gumba kitaukuta mwiba kabla ya ulimi. Ingrid akafanya hivyo. Akautoa mwiba, akauweka pembeni ya sahani. Yule fundi akarudi kwenye chakula chake.

Ndipo Nassor akatokea mlangoni. Kanzu ya dishdasha imenyooka, kofia imekaa, uso mwekundu. Akamwomba Ingrid radhi, akasema limetokea kosa, gari jingine lipo nje, hoteli inasubiri. Ingrid akamjibu hajamaliza kula. Akasema hivyo tu, mkono wake umejaa wali.

Nassor akanigeukia. Kwa Kiswahili, ili asielewe mtu: "Umenivunjia heshima, da Raya. Mbele ya hawa."

Nikamwambia: "Hawa wana majina. Kaa ule, au nenda zako. Samaki anapoa."

Alinyoosha mkono. Funguo zilikuwa pembeni ya sahani yangu. Nilimpa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na mchuzi. Alidhani ni tusi. Basi iwe hivyo.

Tukanywa chai ya maziwa. Tukarudi mjini kwa teksi. Simanzi sina.

Jumapili, 2 Februari

Nassor kapiga simu na sauti ya asali. Ingrid ameandika. Anayataka matembezi, na Hamriya imo. Lakini wateja wao wakae ghorofani, penye pazia na kiyoyozi, na ng'onda asiwepo. Nassor kasema tumeshinda, da Raya, njoo uchukue funguo.

Tumeshinda nani? Siku kumi na sita zilizopita alikuwa ananicheka na mdomo umejaa pilau.

Nikamwambia hapana. Akasema nina wazimu. Nikamwambia wazimu wangu una leseni ya uongozaji wageni yenye jina langu, si lake. Atafute mtu mwingine wa kupanda ngazi. Akakata simu.

Nilikaa jikoni na raha yangu. Baadaye raha ikaisha, nikakumbuka kwamba sijamuuliza mwenye mkahawa.

Jumanne, 4 Februari

Nimemweleza Shafiq yote. Nilitarajia atanipongeza. Mjinga mimi.

Akauliza wageni wa Nassor ni wangapi kwa wiki. Nikamwambia. Akasema waje. Nikasema Shafiq, watakula biriani nyuma ya pazia. Akasema biriani yake ni nzuri, na ana mabinti wa kuwaoza. Ghorofani ni kwa anayetaka ghorofani. Ng'onda yupo chini, kila siku, mlango uko wazi, na mimi nilete ninaowataka, simu mkobani. Mwaka huu meza ile ya beseni ni yangu.

Nilikasirika mpaka nikafika penye teksi. Kisha nikacheka peke yangu barabarani kama mwehu. Nilikuwa nataka ashikilie bendera yangu. Yeye ana mkahawa.

Jumatatu, 10 Februari

Kundi langu la kwanza bila Nassor. Wanawake watatu walimu kutoka Nairobi, wamepita Maskati njiani kwenda umra. Wamesikia habari zangu kwa mjomba wa mmoja wao. Karela wameila kama wamezaliwa nayo. Ng'onda wamegombania. Mmoja kaniuliza kwa nini hoteli yao haina chakula hiki. Nikamwambia aiulize hoteli.

Juu ya vichwa vyetu tulisikia viti vya kundi la Nassor, ambaye hakungoja msimu ujao, vikiburutwa. Shafiq alikuwa anapanda na kushuka, jasho linamtoka, anang'aa kwa furaha.

Ijumaa, 14 Februari

Hakuna meli. Mama kasema nimpeleke. Nikamuuliza wapi. Akasema: "Huko kwa Mbangala wako." Wabengali wote kwake ni Wabangala.

Baada ya sala palijaa. Ngazi haziwezi, magoti yake mabaya kuliko yangu. Tukakaa chini. Vijana wawili walituachia meza bila kuombwa, wakaenda kula wamesimama. Shafiq alikuja kumsalimia, ameinamisha kichwa, anamwita mama. Akaleta karela. Mama akaila. Akaja ng'onda.

Mama hali haraka siku hizi. Jana supu ilimchukua mchana wote. Ng'onda alimla mpaka akafuta sahani kwa kidole.

Nikamwambia, "Pole pole, Mama."

"Nnakula mie. Tizama sahani yako."

Akatazama wale watu, mmoja mmoja. Wanakula, wanaongea, harufu imejaa mpaka barabarani na mlango uko wazi kabisa. Kisha akasema, kama anayezungumza na wali:

"Tulipokuja huku, nlikuwa kila nkipika papa nafunga madirisha. Jirani wasiseme, hao Wazinjibari. Joto lile. Na nyie wadogo mnalia mtolewe nje."

Sikuwa najua. Joto nalikumbuka. Maisha yangu yote nilidhani ni kwa ajili ya vumbi.

Nikamsogezea maji. Hakuyataka. Akasema wametutilia kidogo, mwite yule mtu alete tena.