Wingu Lililokuwa Nyuma ya Mlima

Mama yangu kipenzi,

Leo asubuhi imenyesha Muscat, na watu badala ya kukimbilia ndani wamekimbilia magari. Njia yote ya Qurum imejaa wanaokwenda kutazama maji. Nikacheka peke yangu kwenye usukani, maana wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kutia birika garini wingu likitanda.

Unakumbuka nilipopata kazi kwenye ofisi ya hali ya hewa, miaka ya tisini? Ulijigamba kwa mashoga zako kwamba binti yako anatazama mawingu kutoka juu, kisha ukanigeukia: "Hebu tuambie, mpiga ramli, nianike nguo nisianike?" Nikakueleza habari za setilaiti inayotupiga picha usiku na mchana. Nikakueleza kwamba wingu kadiri linavyopanda ndivyo linavyozidi baridi, na pichani hutoka jeupe zaidi. Ulinisikiliza vizuri sana. "Haya," ukasema, "na nguo je?" Nikakwambia anika. Zikalowa chapa, nawe ukanipigia simu kazini kunipa salamu za nguo hizo.

Kisha ikaja Alhamisi ile, enzi hizo mapumziko yetu yakiwa Alhamisi na Ijumaa. Mimi nilikuwa zamu. Wewe, mama mdogo, mjomba Salum na watoto mlikwenda njia ya Qurayyat, kwa kuwa mvua ya jana yake ilikuwa imeacha vijito vya maji kwenye wadi, yale mabonde makavu yanayopitisha maji ya mvua tu. Mkainjika sufuria ya pilau katikati ya bonde lenyewe, juu ya kokoto, kama wafanyavyo watu wote, kwani pahala gani pengine penye tambarare na maji ya kunawa?

Adhuhuri picha mpya ikaingia. Iliyotangulia ilikuwa na doa dogo tu upande wa pili wa milima. Sasa doa lilikuwa bonge, jeupe pe, limekaa juu ya vilele ambako wadi yenu inaanzia. Nikapiga simu ya mjomba Salum. Kwa bahati alikuwa ameiweka juu ya boneti, pahala pekee iliposhika mtandao, nawe ukaipokea.

"Mama, tokeni wadini. Maji yanakuja."

"Maji gani? Huku jua linatupasua vichwa."

"Wingu liko nyuma ya mlima. Nyie hamlioni, mie nnaliona."

Nilimsikia mjomba Salum nyuma yako: "Mwambie nyama haijaiva!" Simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haikushika. Mama, niliogopa. Niliogopa kwamba umezikumbuka zile nguo.

Mama mdogo ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Anasema hukubishana na mtu. Ulijifunga kanga kiunoni, ukamwita yeye mkaishika sufuria huku na huku, ikichemka, mkapanda nayo mpaka barabarani. Watoto wakafuata pilau. Mjomba Salum akafuata watoto, akilalamika njia nzima kwamba wali utakuwa bokoboko.

Simu yangu ikalia. "Sikiliza," ukasema, kisha ukaielekeza bondeni. Nikasikia mngurumo kama malori yote ya Ghala, kule kwenye viwanda, yamewashwa injini kwa pamoja, na juu yake vigelegele vya mama mdogo na makelele ya watoto. "Mko wote?" nikauliza. "Tuko wote! Viatu vya mjomba wako tu ndivyo vimekwenda zao baharini!" Ukacheka mpaka ukakohoa. Nami nikalia mbele ya wenzangu, kwa furaha, wala sikuona haya.

Siku hizi picha zinakuja kwa wingi, tena safi kuliko zile za kwanza, na nimepewa vijana wa kuwafundisha kuzisoma. Naipenda kazi hii, Mama. Nimekukosa sana, lakini nikikukumbuka nacheka kwanza.

Jioni ya siku ile ulinipakulia ukoko wote, mjomba akitazama kwa uchungu. Nikakuchokoza: "Kwa hiyo sasa umeziamini picha zangu?"

"Picha zipi?" ukasema, ukinisogezea kachumbari. "Mie sijaziona hata moja. Nimekuamini wewe."

Mola akunyeshee rehema zake huko uliko.

Mwanao, kifungua mimba wako