Mama Hakuvaa Sari Nyeupe

Bhawanipur, Kolkata
9 Julai

Mpendwa mdogo wangu Dipayan,

Natumaini Mumbai inakutunza na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mvua imeanza, ngazi zinateleza, na Mama goti linamsumbua, ila mdomo wake mzima kabisa.

Filamu yako ya maisha ya Mama imefika. Jana alasiri tuliitazama chumbani kwa Mama, na jirani yetu Bwana Ghoshal akaja na mkewe. Ni nzuri, sikufichi. Yale madirisha ya kijani, ile mvua uani, yule mwigizaji anayemwigiza Mama amesimama kimya barazani na sari yake nyeupe, mpaka chai yangu ikapoa. Bwana Ghoshal alisema, "Hii ukiisimamisha popote, unaitundika ukutani."

Sasa hiyo sari. Uliniambia kwenye simu kwamba sari nyekundu ingeuharibu ukuta ule wa madirisha ya kijani, nikadhani unatania. Najua nyinyi wa sinema za namna hii mnapenda picha iseme na watu wanyamaze. Lakini hapa picha imesema uongo, na mwezi ujao inakwenda kwenye tamasha.

Ulikuwa mchanga, hukumbuki siku ya kumaliza matanga ya Baba. Baba Mkubwa alileta sari nyeupe isiyo na pindo, ile ambayo mjane kwetu huvalishwa mpaka kufa, akamwekea Mama mapajani mbele ya ukoo mzima. Mama akaikunja, akamrudishia. "Shemeji, hii kashonee mapazia kwako. Mume wangu kaniacha navaa rangi, na rangi nitavaa." Kisha akavuta sahani akala samaki, ambaye mjane kwetu ni mwiko kumla, wote wanamtazama. Tangu hapo hawakukanyaga kwetu, tukala kwa cherehani ya Mama. Hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Wewe umemvika ile ile aliyoikataa, kwa sababu inapendeza na kijani. Imeniuma sana.

Mama alitazama mpaka mwisho. Nilipomwambia nitakuandikia uipige upya, alikataa.

"Mwache. Mtoto kafanya kazi, na kazi inapendeza. Ila pale mwisho alipoandika ni kwa ajili ya mama yake, mwambie afute. Yule mama simjui."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza kitu.

Mama Mdogo Nilima anakusalimu, na mwanangu Tuktuki pia. Mama yuko hapa ubavuni, anasema usiache kula. Mungu wetu Durga akulinde, mdogo wangu, akupe na macho ya kutuona.

Dada yako akupendaye,
Kaberi