Rangi Aliyoichagua Audrey

14 Bankfoot Terrace,
Todmorden, Yorkshire.
9 Oktoba 1998

Mpendwa shemeji Enid,

Salamu nyingi wewe na wote huko Kanada. Nyonga mpya uliyowekewa inaendeleaje? Najua ungekuja kumzika dada yako kama daktari angekuruhusu kupanda ndege, kwa hiyo usijilaumu. Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyo umevunjika, shemeji, sikufichi.

Habari za mazishi binti yetu Janet amekwisha kukuandikia. Mimi nataka kukupa habari za ile sakafu ya mawe nyuma ya nyumba.

Unaikumbuka. Saruji katikati ya mawe ilikuwa imebomoka, magugu yamejaa. Audrey alipozidiwa na ugonjwa tukamhamishia kitanda dirishani, akaanza: "Wilf, kweli utaniacha niondoke huku natazama uchafu huu?" Ulimi wa dada yako unaujua! Nikakwangua mianya yote, nikakoroga saruji na mchanga wa manjano, nikampelekea kidogo juu ya kifuniko cha kopo la rangi. Akasema, "Hiyo hiyo! Rangi ya asali."

Jirani yetu Clifford, aliyekuwa mwashi, akanionya. "Iache ikauke wiki nzima ndipo umwonyeshe, we mzee. Ikiwa mbichi inadanganya."

"Wiki? Hiyo wiki nani kanipa?" nikamjibu.

Nikajaza mianya yote. Ikakauka. Loo, Enid! Ikawa nyeupe kama majivu ya jana. Nilikaa jikoni nikalia.

Kuirudia upya nisingewahi. Basi kila asubuhi kabla hajaamka nilitoka na keni ya kumwagilia maua, nikailowesha, na rangi ya asali ikarudi. Jua likiwaka natoka tena, namwambia naenda kutazama maharage. Mimi niliyeilaani mvua ya Todmorden maisha yangu yote, nikawa naiomba inyeshe.

Alhamisi ile, sauti imebaki ya kunong'ona tu, akanivuta mkono. "Maharage gani hayo, Wilf? Si tuliyang'oa mwezi uliopita? Haya, kamwage tena, naipenda ile rangi." Kumbe alijua siku zote. Nikaenda kumwaga. Niliporudi alikuwa amelala, na hakuamka tena.

Leo asubuhi nimejikuta uani na keni mkononi. Janet akaniita mlangoni, "Baba, rudi ndani, mvua inanyesha." Nikamwaga hivyo hivyo, mpaka keni ikaisha.

Msalimie Gordon na watoto. Mungu akuponye nyonga, na akutunze, maana sauti yako kwenye simu ni kama yake.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye,
Wilf