Jina Halina Mtu

Kiminini
6 Julai 2003

Kwa Phelista,

Uko aje? Mimi niko. Mkono tu imekatwakatwa na majani ya mahindi, tumeanza kung'oa maua yake ya juu kwa shamba ya mbegu.

Gathoni wa kabichi ameniambia umejifungua msichana huko Bungoma. Yeye ndiye ameniambia, si wewe. Sawa. Mungu ashukuriwe.

Mtoto aitwe Nekoye, jina ya marehemu mama yako. Ile mtoto yako ya kwanza ilikuwa na hiyo jina ikaenda, jina ikabaki bila mtu. Hiyo si vizuri. Mama yako amekuja kwa ndoto. Amesimama kwa mlango, hajaongea. Unajua maana yake.

Bwana yako Shafi simsalimii. Anajua kwa nini. Alizika mjukuu wangu kabla sijafika. Nilikuta udongo.

Mpe Gathoni jibu akirudi kuchukua kabichi.

Ni mimi baba yako,
Wabwile


Bungoma
10 Julai 2003

Kwa Papa,

Mulembe, Papa. Pole na mkono. Upake mafuta kila jioni, usingoje ioze. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Mtoto ananyonya mpaka anasahau kupumua.

Barua yako imefika leo. Jana ilikuwa siku ya saba, siku ambayo kwetu sisi mtoto hunyolewa nywele, mbuzi anachinjwa, jina linatajwa. Ameshapewa. Anaitwa Arwa.

Usikasirike kwanza. Soma mpaka mwisho.

Kadija, mke wa Ustadh Yakub wa msikiti wetu, ndiye alitufundisha hilo jina. Shangazi yake Mtume aliitwa hivyo. Maana yake ni mbuzi wa mlimani, yule jike anayeruka kwa mawe na hatelezi. Waarabu wakimwona mwanamke mrembo, mwepesi, wanamfananisha na huyo. Nikamuuliza Kadija kama hapa Bungoma kuna mwingine. Akasema hajasikia. Kina Sumeya, jina nililopewa niliposilimu, tuko sita kwa msikiti mmoja. Ukiita Kadija sokoni, nusu ya soko inageuka. Arwa hakuna. Ndiyo sababu nililitaka.

Nekoye siwezi, Papa. Nililiita hilo jina miezi minane. Bado kuna siku natandika kitanda nalitaja bila kujua. Usiniambie nimuite mwingine.

Na Shafi alikungoja. Alisimama barabarani mpaka jua likaenda, wazee wakasema maiti haingoji zaidi. Nimekwambia hayo maneno mpaka nimechoka.

Njoo umuone. Ana masikio yako.

Binti yako,
Sumeya


Kiminini
13 Julai 2003

Kwa Phelista,

Salamu nimepata. Mkono bado.

Nimesoma mpaka mwisho. Ati mbuzi. Mmechinja mbuzi ndio mtoto aitwe mbuzi. Levi mwenye tunalala naye chumba moja amecheka mpaka akamwaga uji. Anasema, "Wabwile bana, huyo mjukuu akija, fungia sukuma wiki yako." Mimi sikucheka.

Nikwambie kitu. Hapa kwa shamba ya mbegu kila mstari uko na kibao. Baba ni huyu, mama ni huyu. Mahindi ikitoka na haijulikani mama, nyapara anasema hiyo si mbegu, peleka kwa ng'ombe. Hiyo ni mahindi. Na mtu je?

Kwetu mtoto anapewa jina ya mtu alikufa, ndio huyo mtu amchunge. Wewe unajua hivyo, ulizaliwa kwangu. Sasa huyu nani atamchunga? Shangazi ya Mtume? Huyo ni wa Uarabuni. Bungoma anaijua? Jina hata jirani yako hajui, hata Waislamu wenyewe hawana, mnaitoa wapi? Hiyo jina halina mtu. Ni kama kuweka mtoto kwa nyumba haina mlango.

Sikuji. Siku mtamwita jina yake nitakuja.

Baba yako,
Wabwile


Bungoma
21 Julai 2003

Kwa Papa,

Mulembe. Huku hatuko wazima.

Mtoto analia tangu Ijumaa. Titi anakataa. Mama mkwe amemsomea dua, tumempa dawa ya tumbo, wapi. Shafi anambeba anazunguka naye uani, akichoka namchukua mimi. Tumbo halijavimba. Joto analo, lakini si sana, au mimi sijui tena sana ni gani.

Siandiki ndio useme ulijua. Naandika kwa sababu mama hayuko wa kuuliza. Mimi nikiwa mdogo nililia hivi? Mlifanya nini?

Binti yako,
Sumeya


Kiminini
22 Julai 2003

Kwa Phelista,

Barua nimepata sasa hivi na Gathoni anangoja, nitaandika haraka.

Ulilia. Siku tatu. Kukhu yako, mama yangu, akakuchukua, akaita majina ya wenye wameenda, moja moja. Kufika kwa Nasimiyu, dada ya baba yangu, ukanyamaza kama mtu amefunga redio. Ukalala. Hiyo ndiyo dawa, hakuna ingine.

Huyo mtoto anaitwa na mtu na nyinyi mmemfungia huyo mtu mlango. Fanya hivi. Kaa naye peke yako, Shafi asiwe hapo, mama yake asiwe. Mwite Nekoye. Akilia endelea. Akinyamaza ujue umefika.

Hospitali ngoja kwanza. Sindano haijui jina.

Fanya leo.

Baba yako,
Wabwile


Bungoma
25 Julai 2003

Wabwile,

Nilifanya.

Shafi alikuwa kazini, mama yake alikuwa msikitini. Nilimwita Nekoye akalia. Nikamwita tena akalia. Nikaendelea mpaka sauti yangu ikakauka. Akanyamaza. Nikasema, Papa alijua. Nikalia mimi sasa, kwa furaha. Nikamlaza, nikaenda kuinjika chai.

Kurudi nikamkuta amelegea kama kitambaa. Macho wazi nusu. Hakuwa amesikia jina lolote. Alikuwa amekosa nguvu ya kulia.

Tuko hospitali. Wanasema ni kichomi, na maji yamemwishia mwilini. Nesi mmoja, Chemutai, alitafuta mshipa wa mkono akakosa, akatafuta wa mguu, akaupata kichwani. Akaniuliza, "Mama, mbona mmekaa naye hivi siku zote hizi?" Nikashika kichwa cha mtoto asisogeze sindano.

Daktari hajasema atapona. Nikimuuliza anasema tungoje.

Shafi hajui ni wewe. Usije. Usiandike.

Sumeya


Bungoma, kwa geti ya hospitali
29 Julai 2003

Kwa Sumeya,

Umesema nisiandike. Naandika.

Barua yako imenifikia jana jioni. Mvua iliharibu barabara, Gathoni akalala njiani na magunia yake tupu na barua yako. Hizo siku zote mimi nang'oa maua, namwambia Levi jina imefanya kazi.

Nimefika Bungoma asubuhi. Sikuja hospitali kwanza. Nimeenda kwa makaburi yenu ya Waislamu. Ile mwaka nilikuta udongo, nikasema leo wacha nijue kabla ya kuona uso yako.

Nimekuta mzee wa kuchimba anafyeka nyasi. Nikamuuliza kama wiki hii amezika mtoto mchanga. Akasema amezika wawili. Nikashika mti. Nikamuuliza, kuna mmoja anaitwa Arwa? Akasema, sema tena. Nikasema tena. Akaweka panga chini akanitazama.

"Hapana mzee," akasema. "Hiyo mimi sijawahi kuzika. Nimechimba hapa tangu kijana. Kina Fatuma wamejaa, kina Amina wamejaa, wale kule ni kina Kadija. Hiyo hata mmoja hayuko."

Nilikaa chini kwa nyasi. Akaniletea maji, akafikiri mimi ni mgonjwa.

Nekoye mmoja nimezika mwenyewe. Nekoye mwingine nimekuta amezikwa. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa hiyo jina yako, nikasema halina mtu, ni ubaya. Sasa nimeona hakuna mtu amekufa nayo. Wacha akae nayo. Kama kuna mtoto atarithi jina yake yeye akiwa ameenda, iwe mbali sana, mimi nisione.

Ile ya kusema hospitali ngoja ni mimi. Usibebe peke yako. Nitamwambia Shafi mwenyewe, anifanye chenye anataka.

Askari ameuliza nakuja kuona nani. Nimesema Arwa. Amesema saa ya kuona wagonjwa imeisha, mpaka mama ya mtoto akubali. Yule Chemutai wako amepita, ameniazima kalamu na amesema atakuletea hii. Niko hapa nje kwa benchi. Ukikataa nitakaa tu hapa. Huku si wodi, huwezi nifukuza.

Papa


Wodi ya watoto
29 Julai

Papa,

Joto limeshuka tangu jana. Asubuhi amenyonya kidogo, akalala, akanyonya tena. Daktari amesema bado tukae.

Askari nimemtumia neno. Ingia, kitanda cha dirishani. Nawa mikono kwanza kwa mfereji uliopo hapo nje, maana wewe umetoka makaburini.

Shafi yuko hapa. Nimemwambia yote usiku wa juzi. Tangu hapo hajaongea na mimi. Amembeba mtoto tangu asubuhi, mikono imechoka, na hataki kumweka chini. Ukiingia usianze na maneno. Mpokee mtoto.

Binti yako