Bibi, Mwili Wako Haukuwa na Mionzi

Shikamoo Bibi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Nilijua kwamba nimekosea ukiwa ungali hai.

Unakumbuka nilivyokuwa nakusomea habari za fizikia huku ukimenya ndizi? Nilikueleza kwamba siku hizi watafiti wanatengeneza atomu za ajabu: wanaiondoa elektroni, na mahali pake wanaweka chembe nzito zaidi iitwayo muoni, ili wakipime vizuri kiini cha atomu. Ukauliza, "Sasa yule aliyefukuzwa analala wapi, mume wangu?" Ulicheka mpaka kisu kikakuponyoka.

Halafu ukapelekwa Mwanza kupigwa mionzi kwa ajili ya saratani. Ukiwa huko nilisoma kuhusu vinu vya nyuklia, kwamba chuma kinachokaa ndani ya kinu hupigwa na nyutroni mpaka nacho kinaanza kutoa mionzi. Nikakufikiria wewe. Hakuna aliyeniuliza. Nilisema mwenyewe wakati wa kula, kwa sauti ya mtu anayejua: "Bibi akirudi atakuwa anatoa mionzi. Watoto wasilale naye."

Baba hakubisha. Mimi ndiye ninayefaulu fizikia.

Kitanda chako kikahamishiwa kwenye chumba cha kuwekea kahawa. Mdogo wangu Neema, aliyezoea kulala mgongoni pako, alilia mpaka akachoka. Ukatengewa kikombe na sahani. Hukuuliza, nadhani uliamini ni amri ya daktari. Siku moja ulininyooshea kiganja chenye punje za kahawa ya kutafuna, kama unavyompa kila anayeingia kwako. Nikasema jino linaniuma. Ukazirudisha kwenye kikapu, moja moja, ukasema, "Mume wangu siku hizi ananiogopa."

Baadaye nilimuuliza mwalimu wetu wa fizikia, bila kukutaja. Akasema nyutroni za kwenye kinu ni jambo lingine. Mashine inayomulika mgonjwa kutoka nje, kama ile iliyokutibu, haimwachii mionzi mwilini. "Ukimulika mkungu wa ndizi kwa tochi, ukaizima, mkungu utaendelea kuwaka?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, Bibi.

Njiani kurudi nyumbani nilipanga maneno. Nikamkuta Baba na jirani, anamwambia, "Huyu ndiye profesa wetu. Bila yeye tungeumia wote." Nikamwamkia mgeni, nikapita ndani. Nitasema kesho, nikajiambia. Kila siku ikawa kesho. Ulifia katika chumba kile, Neema akiwa amekatazwa kuingia.

Tangu uondoke, Neema ameanza shule. Mgomba wako wa nyuma ya jiko umezaa. Na Shangazi Edita, binti yako, ameambiwa ana ugonjwa kama wako. Kwake umewahiwa, na daktari anataka aende Mwanza haraka. Shangazi amekataa. Anasema, "Nisije nikawekwa stoo kama mama. Afadhali nife na wajukuu wangu pembeni."

Niliposikia hivyo nilienda nyuma ya nyumba, nikaanza kukuandikia barua hii. Wewe ulikaa peke yako kwa sababu ya maneno yangu, na sasa yeye atakufa kwa sababu ya ukimya wangu.

Sistahili uniite tena mume wako. Naahidi tu kwamba nikikosea nitasema siku hiyohiyo, hata kama kuna wageni. Lala salama, Bibi.

Bibi, naongeza haya baada ya siku kadhaa. Jumapili baada ya misa, Shangazi akiwepo, niliwaambia wote. Niliwaambia pia tangu lini nilijua. Mama akajifunika uso kwa kitenge. Baba aliinuka, akaenda kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, hakurudi mpaka jioni. Shangazi ndiye aliyeniuliza: "Nikirudi, nitalala na wajukuu wangu?" Nikasema ndiyo. "Una hakika, au umesoma tu?" Nikampigia mwalimu, nikampa Shangazi simu, wakaongea muda mrefu. Jumatano nilimbebea begi mpaka stendi ya Kayanga. Baba alipanda naye basi bila kuniaga. Nilisubiri mpaka likaondoka, nikaenda shule.

Mjukuu wako,
Asimwe